Neno la tumaini kwenye kikundi: usome Yeremia 29, Maombolezo, Warumi au Habakuki?

Ukiwa kwenye kikundi cha nyumba kwa nyumba hapa Dodoma, uwe Nkuhungu, Kisasa, Chang'ombe au kule Ihumwa, zamu ya kuleta neno itakufikia tu, na ina tabia ya kukufikia wiki ile ile ambayo kuna mwenzenu ana jambo zito. Kafiwa, au kapewa majibu mabaya hospitali, au kamaliza chuo siku nyingi bado yuko nyumbani, au shamba limekauka. Kila mtu anajua neno la wiki hiyo lazima liwe la tumaini, ila Biblia ina maneno ya tumaini mengi na hayafanani hata kidogo, lile linalomuinua huyu linaweza likamuumiza yule, na sisi wengi tunachukua lililo karibu na mkono. Basi nayaweka hapa yale yanayosomwa sana kwetu, moja mbele ya jingine, niseme lipi linamfaa nani na lipi uliache. Mi sio mchungaji, ila maoni ninayo na sitayaficha.

Yeremia 29:11 na jirani yake Hanania

Tuanze na huu maana ndo uko kila mahali, kwenye vikombe, kalenda, tisheti za kwaya, na kila tarehe moja Januari ukifungua wasapu stetasi kumi zote ni huo. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mtamu kweli. Sasa rudi nyuma mstari mmoja tu, ule wa 10, unakutana na miaka 70.

Hii ilikuwa barua jamani. Yeremia aliituma kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, na kabla hajafika kwenye hayo mawazo ya amani anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji ule ule uliowateka. Kwa maneno mengine hamtoki leo wala kesho. Mtu wa miaka arobaini akisomewa barua ile anapiga hesabu mwenyewe anajua atazikwa huko huko.

Na sura iliyotangulia, ya 28, kuna nabii mwingine anaitwa Hanania. Naye anasema "asema BWANA" kama Yeremia tu, ila habari yake ni nzuri zaidi: miaka miwili basi, vyombo vya hekalu vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Kitu ninachokipenda ni kwamba Yeremia alimjibu "Amina", BWANA na afanye hivyo, yaani hata yeye alitamani iwe kweli, hakuwa mtu wa kufurahia mabaya. Hanania akaichukua ile nira aliyokuwa kaivaa Yeremia shingoni akaivunja mbele ya watu wote, na kwa ninavyotujua sisi watu naamini vigelegele vilipigwa. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa, na mateka hawakurudi miaka miwili ile wala ile iliyofuata.

Kwa hiyo kabla hujachagua mstari, jua kwanza unachagua upande gani kati ya hawa wawili, maana Yeremia 29:11 inasomwa sana kwa sauti ya Hanania. "Kabla mwaka huu haujaisha utakuwa na kwako." "Ndani ya siku saba simu inaita." Tumaini la tarehe ya karibu linapendwa kwa sababu linamfariji msikilizaji palepale, tatizo linakuja tarehe ikipita, hapo anayebeba lawama sio aliyetabiri, ni yule mwenye shida, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo au kuna mlango wa dhambi aliuacha wazi, na aliyetabiri sijawahi kumwona anarudi kuomba radhi. Yule mtu sasa ana shida mbili, ile ya mwanzo na hii mpya ya kuamini kwamba Mungu kamkataa yeye binafsi.

Ukisoma barua yote lakini, kuanzia mstari wa 4, inamfaa mno kijana anayesubiri ajira. Tunao wengi, kamaliza UDOM au St John's, kila usaili anakwenda, na maisha yake kayasimamisha kabisa, haanzi chochote kwa sababu anasubiri jina litoke kwenye orodha. Huyu anahitaji kusikia "jengeni nyumba mkae", afungue genge, akodi ekari moja ya zabibu Hombolo, aoe kama ana mchumba, alafu jina likitoka litamkuta anaishi. Inawafaa pia ndugu zetu waliohamishiwa huku kikazi toka Dar, ambao miaka inapita bado wanaishi kama wako safarini, godoro chini, na kila Ijumaa jioni wapo stesheni ya SGR. Mstari wa 7 unasema uombeeni amani mji huo, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Dodoma ina vumbi na upepo sawa, lakini na yenyewe inaombewa.

Usiusome kwa mfiwa. Yaani hata kama unaupenda namna gani, usiusome.

Kwa mfiwa: Maombolezo 3, ila anzia juu

Misiba yetu unaijua ilivyo, wanaume nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, akina mama ndani wamekaa chini na mfiwa, kila anayeingia anapiga magoti anashika mkono. Nilishaona mtu kaingia na Biblia mkononi akamsomea mama aliyefiwa na mtoto yale ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, kwa nia njema kabisa, na yule mama akajifunika kanga usoni akageukia ukutani. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akakaa mkekani, hakusalimia sana, akafungua Maombolezo sura ya 3 akaanza mstari wa kwanza, "Mimi ni mtu aliyeona mateso", akaendelea polepole, ameniongoza gizani, ameijenga ngome juu yangu, nikilia anaikataa sala yangu. Alipofika kama mstari wa 16 hivi, kwenye meno kuvunjwa kwa changarawe, yule mama alikuwa ameshatoa kanga usoni anamwangalia. Mtu aliyeumia anataka kwanza kusikia kuwa Biblia inajua.

Wengi tunarukia 22 na 23, kwamba huruma za BWANA hazikomi na ni mpya kila siku asubuhi, kwa sababu ndo zimo kwenye nyimbo. Ukianzia pale unalifanya tumaini liwe la rahisi. Kitabu chenyewe kina sura 5, kila sura ina mistari 22, idadi ya herufi za Kiebrania, isipokuwa hii ya tatu yenye 66, na maneno ya tumaini yamewekwa katikati ya kitabu huku kilio kimeyazunguka pande zote. Baada yake kilio hakiishi, sura ya 4 kuna watoto wachanga wanaomba mkate na hakuna wa kuwamegea, na kitabu kinafungwa na wasiwasi kwamba huenda Mungu ametukataa kabisa. Yerusalemu ilikuwa imechomwa, miaka kama kumi tu baada ya wale wa Yekonia kuchukuliwa. Aliyeandika hakudai amepona. Alisema "najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini", anajikumbusha mwenyewe kwa nguvu, basi.

Ukilinganisha na Yeremia 29, ile inakupa mbele, hii inakupa mahali pa kukaa leo. Mfiwa wa siku ya pili hana haja na mbele.

Makaburini ni tofauti kidogo, pale watu wanataka ufufuo na 1 Wathesalonike 4:13 inafaa vizuri, ila tuisome yote. Paulo hakusema msihuzunike. Kasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini, kwa hiyo wale wanaowakataza wafiwa kulia eti Mkristo halii wanaongeza lao. Na kama kuna mtu amefika pale ambapo hata Maombolezo ni mbali kwake, ipo Zaburi ya 88, inaanza kwa kilio inaishia gizani, haina mstari wa kufariji hata mwishoni. Na bado iko ndani ya Biblia. Msomee aone hata hiyo ni sala.

Warumi kwa mgonjwa wa muda mrefu, na tahadhari yake

Warumi 5 ina ule mnyororo, dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo, na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini, na tumaini halitahayarishi. Huu ni mzuri sana mgonjwa akiusema mwenyewe. Ukimsomea wewe mzima uliyekuja na bodaboda na utaondoka baada ya nusu saa, unageuka kuwa kama unamwambia ugonjwa wake ni darasa, ashukuru. Paulo aliandika kwa "sisi", alikuwa mtu wa kuchapwa viboko na kufungwa, na bado anaongea kama mmoja wao. Mi naona mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki aulizwe yeye saburi ni kitu gani, kikundi kisikilize.

Kwa huyu mgonjwa nachagua Warumi 4 badala ya 5, na sijui kwa nini haisomwi. Mstari wa 18 unasema Ibrahimu aliamini kwa kutarajia yasiyoweza kutarajiwa, alafu wa 19 unasema aliufikiri mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, umri wake kama miaka mia, akaifikiri na hali ya kufa ya tumbo la Sara. Aliufikiri! Hakufumba macho. Sasa weka hiyo mbele ya yale mafundisho ya "usikiri ugonjwa, ukisema unaumwa umeukaribisha", ambayo yameenea mno mjini hapa, mtu ana majibu ya maabara kwenye mkoba na anaambiwa aseme mi mzima. Ibrahimu alisoma majibu ya maabara yake yote akayakubali yalivyo, na kutarajia akaendelea kutarajia. Tumaini linalohitaji uongo ili lisimame ni la Hanania, na niseme wazi kabisa kwa sababu watu wanakufa, ukisikia mtu anashauriwa aache ARV au dawa za presha au sindano za sukari kama dalili ya imani, mtoe hapo mapema, mrudishe kliniki, mengine mtaongea baadaye.

Warumi 8 iweke akiba kwa siku ambayo mgonjwa kachoka hata kuomba hawezi. Pale Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu, na sisi tunaugua, na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo siku hiyo hakuna haja ya maombi marefu ya kupokezana. Mshike mkono, soma 22 mpaka 26, nyamaza.

Habakuki kwa wenye mashamba na mifugo

Kwa mtu wa Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa hapa sihitaji kueleza sana. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba kwenda Aprili, na hata ndani ya huo msimu kuna kile kiangazi cha Februari, mahindi yanatoa mbelewele jua linapiga wiki tatu mfululizo, mchezo umeisha. Mwenye zabibu naye ana ugonjwa wake wa ubwiri unga. Sasa msomee huyu mtu Habakuki 3:17-18: mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda, mashamba hayatatoa chakula, zizini hamtakuwa na kundi, wala vibandani hamtakuwa na ng'ombe, walakini nitamfurahia BWANA. Mtu wa mjini anausikia kama ushairi, mkulima wa Mpunguzi anasikia orodha ya mali zake moja baada ya nyingine.

Kinachosomwa zaidi kwetu ni Yoeli 2:25, kwamba nitawarudishia miaka iliyoliwa na nzige. Sio vibaya, ila angalia mistari ya juu yake, pale mvua imeshanyesha na viwanja vya kupuria vinajaa ngano, ni neno la watu waliokwisha kuona wingu. Msimu ukiwa umekufa na hakuna wingu, Habakuki ni mkweli zaidi, haahidi mvua wala mavuno mwakani. Anaahidi kwamba Mungu atabaki Mungu wake hata zizi likiwa tupu, na hiyo, kiukweli, ni ngumu kumeza, usitegemee watu wapige makofi.

Na hapa usiende na Biblia peke yake. Yakobo sura ya 2 amewasema vizuri wale wanaomwambia mtu nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, wasimpe chochote. Kikundi kipeleke debe la mtama, au kichangie mbegu ya uwele ya msimu ujao, alafu ndo Habakuki asomwe. Mkifanya kinyume mtaonekana mmekwenda kumcheka.

1 Petro, kwa haraka

Hii wape vijana na watu wa maofisini wanaoishi na watu wa dini zote. Imeandikwa kwa wakaao ugenini, waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, inaliita tumaini lenye uzima kwa sababu Yesu kafufuka, na 3:15 inasema muwe tayari kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, kwa upole na kwa hofu. Upole ndo unaosahaulika, ukisikia spika zetu za mikutano ya injili utadhani Petro kaandika kwa kelele. Haimfai mtu aliye kwenye kilio kipya, ina mafundisho mengi.

Waebrania nimeiruka makusudi. Ile ya nanga ya roho na sura ya 11 ni nzuri, ila kwa kikundi cha saa moja inabidi kwanza ueleze ukuhani wa Melkizedeki, na muda unaishia hapo.

Ukinibana nichague moja

Nachagua Yeremia 32, ambayo haipo kwenye kikombe chochote. Babeli wameshauzunguka mji, Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi, anakuja binamu yake Hanameli kumuuzia shamba lililoko Anathothi, sehemu ambayo jeshi la adui limeshaipita. Bei mbaya kuliko zote, wakati mbaya kuliko wote, na Mungu anamwambia nunua. Akanunua, shekeli 17 za fedha zikapimwa kwenye mizani, hati zikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote mbili akapewa Baruku, mwandishi wake, aziweke kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Maana nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Watu wa Dodoma tunaielewa hii kuliko wengi. Mji ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kweli kweli 2016, na kuna wazee walioshika viwanja vyao muda wote huo wakichekwa na watu wa Dar.

Ila Yeremia alizidi hata wazee wetu kwa sababu yeye shamba lile hakulilima. Mara ya mwisho tunapomsoma yuko Misri, amepelekwa bila kupenda. Na akishanunua tu, hati zimefungwa, anakwenda kuomba na kwenye mstari wa 24 na 25 anamuuliza Mungu, hebu tazama maboma haya, mji unatekwa, nawe umeniambia nijinunulie shamba? Alinunua kwanza ndo akauliza. Kwa hiyo ukilinganisha na Hanania, yule alikuwa na uhakika wote na hakutoa hata shekeli moja, huyu alikuwa na maswali na katoa 17. Nikiwa na mtu mwenye shida yoyote, ukiacha mfiwa wa wiki ya kwanza, hii ndo nitamsomea, kisha namuuliza kuna kitu gani kidogo anaweza kukifanya wiki hii ambacho kinaonyesha bado anatarajia, kulipa ada ya muhula mmoja, kuchimba mashimo ya miche, kurudi kliniki tarehe aliyopangiwa.

Sura ina mistari 44, msiimalize usiku mmoja. Someni wa 6 mpaka 15, alafu mruke mpaka 24 na 25, mgawane sauti, mmoja awe Yeremia mmoja Hanameli, na kama kikundini kuna mtu wa ardhi au mwanasheria mpeni ile sehemu ya hati aielezee, atawaambia vizuri kuliko mhubiri kwa nini nakala zilikuwa mbili na kwa nini moja ilifungwa muhuri.